Utoro Kazini au Maradhi? Afya ya Akili ya Mtumishi na Wajibu wa Ofisi

Kitabu cha mahudhurio ni shahidi mkweli wa jambo moja tu: nani amefika kazini na nani hakufika. Hakielezi kwa nini. Hata pale ambapo mashine ya alama za vidole imechukua nafasi ya kitabu, hali ni ile ile. Mashine huhesabu dakika za kuchelewa kwa usahihi zaidi, lakini haimjui mtu aliyekesha usiku kucha akitazama dari. Kazi ya kuitafuta sababu imebaki kwa binadamu, yaani mkuu wa kitengo, Afisa Utumishi na wafanyakazi wenzake mhusika.

Maelezo yafuatayo yanawahusu watumishi wa Serikali wa Unguja na Pemba pamoja na wananchi wanaohudumiwa nao. Yanahusu mtumishi ambaye akili yake imechoka au imeugua, namna ya kumtambua kabla hajaitwa mtoro, na mambo yaliyo ndani ya uwezo wa ofisi kuyafanya.

Uchukuliwe mfano wa karani wa masjala mwenye miaka kumi na minane kazini. Katika muda wote huo hapakuwa na jalada lililopotea mikononi mwake. Mkuu wa Idara akiulizia barua ya miaka sita iliyopita, karani huyo huinuka kitini na kurudi nayo kabla chai haijapoa. Kisha, pasi na sababu inayoonekana, mambo yakaanza kulegea. Barua za Wizara moja zikakutwa ndani ya jalada la Wizara nyingine. Akawa hali chakula pamoja na wenziwe. Akaambiwa jambo mara mbili na bado akauliza. Baadaye akakosa kufika siku moja, halafu siku tatu, halafu wiki nzima. Ofisi ikamwandikia barua ya kumtaka ajieleze, naye hakujibu. Ikamwandikia ya pili, naye hakujibu. Ikafuata barua ya onyo, na ya mwisho ikawa hati ya mashtaka ya utoro kazini.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini hapana Afisa Utumishi mzoefu atakayeuona mgeni. Kila barua katika mlolongo ule iliandikwa kwa utaratibu na kila sahihi ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kwenda nyumbani kwa karani akabisha hodi. Angemkuta amelala saa tano ya asubuhi, bahasha zote za ofisi zikiwa juu ya kabati bila ya kufunguliwa. Si kwa kiburi, bali kwa sababu kufungua bahasha kumekuwa kazi nzito isiyowezekana. Mtumishi wa namna hiyo akifukuzwa, Serikali imempoteza mtu wa miaka kumi na minane kwa maradhi yanayotibika, na nyumba yenye watoto wa skuli imekosa mshahara.

MAANA YA AFYA YA AKILI

Neno "akili" likitajwa pamoja na neno "maradhi", fikra za watu wengi hukimbilia kwa mtu anayezungumza peke yake barabarani. Picha hiyo ni finyu mno. Shirika la Afya Duniani linaifasiri afya ya akili kuwa ni hali njema ya nafsi inayomwezesha mtu kukabiliana na misukosuko ya maisha, kutambua uwezo wake, kujifunza na kufanya kazi vizuri, na kutoa mchango wake katika jamii. Kwa hiyo mtu anaweza kupungukiwa na afya ya akili bila ya kuwa amerukwa na akili, kama vile anavyoweza kuumwa na mgongo bila ya kupooza.

Yapo mambo matatu ambayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni huzuni na msongo wa kawaida wa mawazo, unaompata kila mtu: kufiwa, kudaiwa, kugombana nyumbani, kusubiri matokeo ya mtoto. Hayo hayahitaji daktari. Yanahitaji muda, watu na pengine ruhusa ya siku chache. La pili ni kuchoshwa na kazi kupita kiasi. Mwaka 1974, mtaalamu wa nafsi Herbert Freudenberger, aliyekuwa akifanya kazi katika kliniki mjini New York, aliandika juu ya watumishi waliokuja na ari kubwa na baada ya muda wakawa kama taa iliyokwisha mafuta. Katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linaieleza hali hiyo kuwa ni jambo linalotokana na kazi, wala si ugonjwa, na linaitambua kwa alama tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi au kuidharau, na utendaji wake kushuka. La tatu ndilo maradhi yenyewe, na yaliyo ya kawaida zaidi ni sonona na wasiwasi uliopindukia.

Sonona si huzuni iliyozidi tu. Mtu mwenye sonona hukaa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, akiwa na moyo mzito au akiwa hapati ladha ya jambo lolote lililokuwa likimfurahisha. Usingizi humpaa au humzidi. Chakula hakimpiti kooni. Hushindwa kukusanya mawazo, hujiona hana thamani, na kila jambo dogo humtaka juhudi ya mtu anayepanda kilima na gunia kichwani. Wapo wanaofikia kutamani kufa. Mtu huyo akiambiwa "jikaze", ameambiwa jambo analolijaribu kila asubuhi.

Jambo jingine linalowapoteza wakubwa wa ofisi ni kwamba maradhi haya mara nyingi huja na sura ya mwili. Mtumishi hatasema kwamba ana sonona. Atasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, kifua kinambana, tumbo linamchafuka, mwili hauna nguvu, au kwa ufupi kabisa, "nina mawazo". Atapimwa malaria na shinikizo la damu, naye ataambiwa hana kitu. Jamii nyingine za Afrika nazo zina maneno yao ya namna hiyo. Washona wa Zimbabwe huiita hali hiyo kwa neno linalomaanisha kufikiri kupita kiasi. Kwa hiyo mtumishi mwenye vyeti vingi vya hospitali vya maradhi yasiyopata jina asidhaniwe moja kwa moja kuwa anatafuta kisingizio. Huenda maradhi yapo, ila yametafutwa mahali pasipo pake.

Kwa wenye kuuliza ukubwa wa jambo lenyewe, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima 15 katika kila 100 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na maradhi ya akili ya aina moja au nyingine, na kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka, zenye thamani ya dola za Kimarekani trilioni 1. Hizo ni hesabu za dunia nzima. Kwa ofisi yenye watu ishirini, maana yake ni kwamba si jambo la ajabu kuwa na wawili au watatu kati yao.

KAZI YENYEWE INAPOKUWA SABABU

Ni desturi kusema kwamba mtu aache mambo ya nyumbani nyumbani. Kauli hiyo huficha upande wa pili, nao ni yale ambayo mtumishi huyachukua kazini akayapeleka nyumbani.

Ushahidi mkubwa katika jambo hili umetoka kwa watumishi wa Serikali wenyewe, ingawa si wa visiwa hivi. Mwaka 1967 ulianza mjini London uchunguzi wa watumishi wa Serikali ya Uingereza wapatao 18,000, wote wanaume, uliopewa jina la mtaa wa Whitehall zilizoko Wizara zao. Mwaka 1985 ukafuata uchunguzi wa pili, chini ya Profesa Michael Marmot, uliowachukua watumishi 10,308, wanaume na wanawake. Watu hao hawakuwa mafukara. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, mshahara na hospitali. Watu wengi wangelitarajia kwamba wakubwa, wenye maamuzi mazito na simu zisizonyamaza, ndio watakaokufa mapema kwa maradhi ya moyo. Yakaonekana kinyume chake. Kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo vifo vilivyozidi, ngazi kwa ngazi, na watu wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo mara 3 au zaidi ya wale wa ngazi ya juu. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Miongoni mwa mambo yaliyoeleza sehemu iliyobakia ni uwezo wa mtu kuwa na kauli juu ya kazi yake mwenyewe: kuamua aanze na lipi, apumzike saa ngapi, ailete kwa njia gani. Uchunguzi wa pili ulionesha pia kwamba watumishi waliobebeshwa mengi bila ya msaada wa wakubwa wao, na wale ambao juhudi yao haikulingana na malipo au shukrani waliyoipata, ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya akili. Kabla ya hapo, mwaka 1979, mtaalamu wa Kimarekani Robert Karasek alikwisha kuandika kwamba kinachomvunja mfanyakazi si wingi wa kazi peke yake, bali wingi wa kazi unapokutana na ukosefu wa kauli.

Hayo yakiletwa kwenye ofisi za visiwani, kila mmoja anaweza kuyaona kwa macho yake. Yupo tarishi anayetumwa na watu watano kwa wakati mmoja, na kila mmoja humgombeza kwa kuchelewa. Yupo muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake na wodi nzima. Yupo mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni. Yupo mtumishi anayepewa uhamisho kutoka Unguja kwenda Pemba, au kinyume chake, kwa barua ya mistari minne, akaacha mke na watoto ng'ambo ya pili ya bahari. Uhamisho ni haki ya mwajiri na mara nyingi ni lazima. Lakini barua yenye kueleza sababu, iliyotanguliwa na mazungumzo na kutoa muda wa kujitayarisha, haina gharama kubwa kuliko ile ya mistari minne.

Lipo pia suala la mikopo, ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona. Mtumishi ambaye mshahara wake umekatwa hapa na pale hata kinachobaki hakimfikishi katikati ya mwezi, huja kazini na mwili tu. Ofisi haiwezi kumlipia madeni yake. Inaweza kumkalisha na mhasibu akaoneshwa hesabu yake yote kwa pamoja, jambo ambalo wengi hawajawahi kulifanya kwa kuogopa kuiona jumla.

Na lipo neno la mdomo. Mkubwa anayemtukana mtumishi mbele ya wananchi waliopanga foleni hajamrekebisha; amemfundisha kuogopa, na mtu mwenye hofu huficha makosa badala ya kuyasema. Wananchi nao wamo katika hili. Karani wa dirishani anayetukanwa na watu wanane kwa siku kwa kosa la mfumo ambao hakuutengeneza, hatakuwa na tabasamu kwa mtu wa tisa.

WANAOFANYA KAZI YA MSIBA

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai, 2012 ikafuata MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Misiba hiyo inakumbukwa kwa waliokufa na kwa jamaa zao, na ndivyo inavyostahiki. Waliosahauliwa ni wale ambao msiba ulikuwa kazi yao: askari, wanamaji, wazamiaji, madaktari na wauguzi, madereva, watu wa bandari, na wale waliozipokea maiti, wakazisafisha, wakaziorodhesha na kuwaongoza jamaa katika kuwatambua wao. Wengi wao walifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa mfululizo, kisha Jumatatu wakarudi kwenye zamu zao za kawaida.

Wengi katika watu wa namna hiyo hupona wenyewe kwa msaada wa jamaa, dini na wenzao. Baadhi yao hawaponi. Hao hurejewa na picha za tukio mchana na usiku, hukwepa mahali au harufu inayowakumbusha, hushtuka kwa jambo dogo, na hugeuka wakali majumbani mwao. Dalili hizo zikizidi mwezi mmoja, mtu huyo anahitaji tabibu. Zinaweza pia kujitokeza miezi mingi baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau.

Hapo zamani wataalamu wengi walishauri kwamba baada ya msiba watendaji wote wakusanywe katika kikao kimoja, kila mmoja atakiwe kusimulia aliyoyaona. Leo Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo, kwa kuwa imeonekana halizuii maradhi na linaweza kumdhuru ambaye hakuwa tayari kusema. Kinachoshauriwa ni huduma ya kwanza ya nafsi, ambayo mwongozo wake ulitolewa mwaka 2011: kuhakikisha mtu yuko salama, amepata maji, chakula na mahali pa kulala, kumsikiliza akitaka kusema na kumwacha akitaka kunyamaza, kumkutanisha na watu wake, na kumjulisha pa kwenda hali ikizidi. Mkuu wa kikosi, wa bandari au wa hospitali anaweza kuongeza mawili ambayo hayahitaji utaalamu. La kwanza ni kubadilisha zamu, ili mtu yule yule asikae na maiti tangu alfajiri hadi usiku. La pili ni kuweka orodha ya waliohusika na kuwauliza hali mmoja mmoja, baada ya wiki mbili, baada ya miezi mitatu, na siku za kumbukumbu zinapokaribia.

MKUU WA OFISI NA MAZUNGUMZO YA KWANZA

Mwezi Septemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo juu ya afya ya akili kazini. Miongoni mwa mapendekezo yake yenye nguvu zaidi ni kuwafundisha wakuu wa kazi namna ya kumtambua na kumsaidia mtumishi aliye katika dhiki. Inafaa izingatiwe kwamba pendekezo hilo linamtazama mkuu, si mgonjwa. Sababu yake ni rahisi: mkuu ndiye mwenye mamlaka juu ya zamu, mzigo wa kazi, ruhusa na barua. Semina moja ya kuwafunza watumishi kuvuta pumzi, katika ofisi ambayo mkubwa wake hupiga kelele kila asubuhi, ni sawa na kupaka rangi ukuta unaovuja.

Mkuu wa kazi si daktari, na hatakiwi kutaja jina la maradhi. Anachotakiwa ni kuona mabadiliko na kuyauliza kwa adabu, faraghani, mapema. Kijana aliyepewa ukuu juu ya karani aliyemzidi umri hawezi kumwita kwa kengele. Atamfuata, atamwamkia, na maneno yake yatatosha yakiwa kama haya: "Shikamoo, Mzee wangu. Wiki hizi mbili nimeona majalada yanachelewa, na wewe si mtu wa kuchelewesha. Lipo jambo linalokusumbua? Kama lipo, tutazame ofisi inaweza kusaidia nini." Baada ya hapo anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi, maana wakubwa wengi wakiuliza swali hulijibu wao wenyewe. Pengine jibu la siku hiyo litakuwa "hapana kitu". Mlango utakuwa umefunguliwa hata hivyo, na baada ya siku nne swali linaweza kurudiwa.

Likipatikana jibu, ahadi mbili zinahitajika: siri, na hatua inayotekelezeka. Siri ina uzito wa pekee visiwani. Ofisi ni ndogo, watu wanajuana kwa ukoo na kwa mtaa, na neno lililosemwa Forodhani asubuhi hufika Chake Chake kabla ya adhuhuri. Cheti cha daktari kinapaswa kubaki katika jalada la siri, na asikione asiyehusika, hata kama ni naibu wa mkuu. Kwa wenzake mhusika yatosha kuambiwa kwamba mwenzao ni mgonjwa na yuko katika matibabu.

Mtumishi anaposema kwamba amechoka kuishi, au akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, hapo hakuna la kusubiri. Aulizwe waziwazi iwapo anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kwamba swali hilo litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Haijathibitika hivyo, na wengi hupata nafuu kwa kupata mtu wa kumwambia. Asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, jamaa wa karibu aarifiwe, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Haya yote hayana maana kwamba nidhamu ya kazi imefutwa. Wapo watoro, na wapo wanaouza saa za Serikali kwa biashara zao. Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar, Namba 2 ya mwaka 2011, ipo, na taratibu zake za nidhamu zinabaki kuwa taratibu. Kinachoombwa ni kwamba kabla ya barua ya kwanza pawe na mazungumzo ya kwanza, na mtu ambaye tabia yake imebadilika ghafla baada ya miaka ya utumishi mwema apate nafasi ya kuonwa na daktari. Yule ambaye daima alikuwa mtoro atatambulikana haraka.

Wala isisahauliwe kwamba mzigo wa mgonjwa huwaangukia wenziwe. Watu wawili wanaofanya kazi ya watatu kwa miezi minne, bila ya kuambiwa lini itakwisha, wataanza kumchukia asiyekuwapo, na baadaye mmoja wao ataugua. Mkuu mwenye busara hugawa kazi upya kwa maandishi, huziahirisha zile zinazoweza kungoja, na hutaja muda.

KURUDI KAZINI

Matibabu ya sonona yapo ya namna mbili kubwa, mazungumzo na dawa, na mara nyingi huenda pamoja. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajahisi nafuu, na hazikatizwi kwa sababu tu mtu amejisikia vizuri. Mtumishi akirudi baada ya wiki mbili akiwa bado mzito, isidhaniwe kwamba tiba imeshindwa.

Baadhi ya dawa za akili huleta usingizi mzito asubuhi au kutetemeka mikono. Kwa mtu wa namna hiyo, kuruhusiwa kuingia saa moja baadaye kwa kipindi maalumu kunaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kubaki kazini na kuacha kazi. Hiyo si hisani. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unawahesabu pia wenye matatizo ya akili ya muda mrefu. Kifungu chake cha 27 kinataka wafanyiwe marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Marekebisho hayo mara nyingi ni madogo: meza mbali na mlango wa watu wengi, maelekezo ya kazi kwa maandishi badala ya kwa mdomo, kuanza na nusu ya majukumu na kuongezewa kila wiki, kuondolewa zamu ya usiku, ruhusa ya siku ya kliniki. Dereva au mwendesha mitambo ashauriane na daktari wake kabla ya kushika usukani.

Siku ya kwanza ya kurudi ndiyo inayotisha kuliko zote. Mtu hujiuliza nani anajua nini. Karani wa mfano uliotangulia angefaidika sana kama angekuta kiti chake pale pale, jalada moja tu mezani, na mwenzake akimwambia "karibu, tulikungojea", kisha kila mtu akaendelea na kazi yake.

Kuhusu kisomo na tiba za asili, familia nyingi huanzia huko, na hapana haja ya ofisi kuingilia itikadi ya mtu. Mgonjwa anaweza kusomewa na akatumia dawa za hospitali pia. Kimoja hakimzuii kingine. Lisilokubalika ni kuambiwa aache dawa, au kufungwa minyororo, kupigwa na kunyimwa chakula kwa jina la tiba. Na kifafa, ambacho wengi wanakichanganya na mambo haya, ni maradhi ya ubongo yenye dawa zake na hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusana.

Limebaki suala la jina. Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, mjini Unguja, imekuwa na bahati mbaya ya jina lake kugeuzwa tusi, kama lilivyogeuzwa la Mirembe huko Dodoma na la Mathari huko Nairobi. Mtu hutaniwa kwamba "wa Kidongo Chekundu", watu wakacheka, na yule aliyeketi pembeni, ambaye usiku uliopita aliamua kwenda kutibiwa, akabadili nia. Mzaha huo ukisemwa ofisini, mkuu aliyepo aukatize.

Mtumishi au mwananchi anayeziona kwake dalili zilizotajwa hapo juu anaweza kuanzia kituo cha afya au hospitali ya Serikali iliyo karibu naye, Unguja au Pemba, na kueleza si maumivu ya mwili tu bali pia usingizi, chakula, mawazo na muda ambao hali hiyo imemkaa. Aende na dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba, ili tabibu azione. Akipenda, afuatane na mtu anayemwamini. Anapoomba ruhusa ofisini si lazima ataje maradhi wala jina la kliniki mbele ya wenzake. Yatosha aseme kwamba anakwenda hospitali.